Barua kwa mwanangu: majabali ya Dodoma yaliitangulia hewa tunayovuta

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza ni nani alikuwepo dunia inaanza hata akahesabu miaka yake. Hakuna aliyekuwepo, ila mawe yametunza hesabu. Dunia ina miaka bilioni 4.54 hivi, na majabali ya granaiti ya hapa Dodoma yamepita bilioni 2.5.

Umri wa majabali hayo hupatikana hivi. Wanajiolojia hubanjua ganda la nje lililolika kwa jua na mvua, wakachukua kilo kadhaa za jiwe zima la ndani. Hulisaga, wakachekecha, kisha wakaosha ule unga kama wachimbaji wadogo wanavyoosha mchanga wa dhahabu kwenye karai: chembe nyepesi huondoka na maji, nzito hubaki. Kati ya hizo nzito huokotwa zirkoni, punje za madini magumu, kwa hadubini, maana nyingi hazifiki hata robo milimita. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka hupokea metali ya urani, lakini metali ya risasi huikataa. Basi risasi inayokutwa humo karibu yote imetokana na urani iliyooza, yaani iliyogeuka yenyewe polepole. Urani ina aina mbili: nusu ya urani-238 hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47, nusu ya urani-235, kwa milioni 704. Ni saa mbili ndani ya punje moja! Zikikubaliana, umri unaaminika. Punje yenye nyufa huvujisha risasi, saa zikapishana, na jiwe likaonekana changa kuliko lilivyo.

Sasa shika hili, kwa maana ndilo linalonishangaza kuliko yote: majabali haya yalipoganda, angani hakukuwa na oksijeni ya kuvuta. Bakteria wa baharini walianza kuitoa, lakini chuma kilichoyeyuka kwenye maji kiliinywa kikawa kutu, kikazama kwa matabaka. Hewa ilianza kuipata miaka kama bilioni 2.4 iliyopita, tena kidogo sana. Ushahidi? Kwenye mchanga wa mito ya kabla ya hapo hukutwa punje za pairiti, madini ya chuma na salfa, zimeviringika kwa kusukumwa na maji bila kuoza. Leo pairiti ikikaa kwenye hewa na maji huoza upesi.

Binadamu amechelewa mno. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zina miaka milioni 3.66 tu.

Ukipanda Kolo, Kondoa, utaona michoro myekundu ya wahenga kwenye miamba. Wekundu ule ni oksidi ya chuma: chuma kilichokutana na oksijeni, kikasagwa kuwa rangi. Mtu akikwambia uimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, kataa. Maji huyeyusha chumvi za jiwe, yakikauka huacha utando mweupe juu ya mchoro, na kuusugua ni kuondoka na rangi. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Mistari huonekana vizuri bila kuguswa.

Mama yako