Barua kwa mwanangu anayekwenda kulala kwenye kampavani

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na ile orodha ya vitu mliyoandikiana nimeipitia mara mbili. Mko wanne, kampavani (gari lenye vitanda na jiko ndani) moja ya kukodi, siku nne mwishoni mwa Oktoba. Mchana kutembea mashambani na vilimani, usiku kulala garini. Kwenye orodha nimehesabu mablanketi saba na tochi moja. Mmejiandaa kwa baridi, nayo baridi ndiyo nyepesi kuliko yote: mtu huvaa, ikaisha. Majira ya majani kupukutika (vitabu huyaita vuli, nawe usiyachanganye na vuli ya mvua fupi) huwashinda watu kwa giza linalowahi na unyevu usiokauka. Hayo mawili nitakuandikia kwa kirefu, mengine nitayagusa tu.

Giza kwanza. Mtu wa karibu na ikweta amezoea jua linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima, hivyo hana tabia ya kulihesabu. Kule kaskazini, kwenye latitudo ya 50, mchana wa Oktoba hupungua dakika tatu na nusu hivi kila siku, yaani kama dakika 25 kwa wiki. Njia ambayo rafiki yenu aliimaliza kwa raha mwanzoni mwa mwezi inaweza kuwatia gizani ninyi mwishoni, na kilomita ni zile zile. Tena nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba: jua lililozama saa 12 jioni ya Jumamosi, Jumapili linazama saa 11 kasoro.

Kwa hiyo pigeni hesabu kutoka jioni kurudi asubuhi. Kanuni aliyoitoa William Naismith, mpanda milima wa Scotland, mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 14 yenye mita 600 za kupanda ni saa 3 na dakika 48. Hiyo ni ya mtu mwenye nguvu, njia kavu, bila kusimama. Ninyi ongezeni theluthi kwa sababu ya tope na majani mabichi yanayoteleza, mnafika saa 5. Wekeni na dakika 45 za kula na kupiga picha. Jua likizama saa 11 jioni, nataka mwe garini saa 10, basi mguu wa kwanza utoke saa 4 na robo asubuhi, si baada ya hapo. Pia pataneni juu ya saa ya kugeuka, tuseme saa 7 na nusu. Ikifika hiyo na nusu ya njia hamjaipata, mnageuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Lisemeni hili mkiwa bado garini, kwa sababu kule juu mwenye hamu zaidi ndiye huwa na sauti kubwa.

Kundi hutembea kwa mwendo wa anayechelewa. Mwekeni wa pili kutoka mbele, na mwenye nguvu afunge nyuma. Kosa la kawaida ni wale wa mbele kuketi wakimsubiri, na akifika tu wanainuka. Wao wamepumzika mara tano, yeye hata mara moja.

Tochi ni ya kichwani, kila mtu yake, betri mpya, na betri za akiba kwa mmoja wenu. Tochi ya simu haihesabiki: inashika mkono mmoja na inakula chaji ya kile kifaa mtakachohitaji kuombea msaada. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri yake hupoteza nguvu haraka kwenye baridi. Pakueni ramani kabla ya kuondoka ili isitegemee mtandao, na mchukue moja ya karatasi. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha.

Sasa unyevu. Watu wanne wakilala kwenye chumba kidogo, pumzi na jasho lao hutoa karibu lita nzima ya maji hadi asubuhi. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Mvuke huo unatafuta sehemu baridi: kioo, chuma, upande wa chini wa godoro. Watu wakiona vioo vinatoa machozi hufunga kila tundu na kuongeza joto, na hapo wameongeza tatizo. Fungueni tundu la paani upana wa vidole viwili, na dirisha la upande wa pili kidogo, usiku kucha, hata mvua ikinyesha. Hewa baridi ya nje ikipashwa moto ndani huwa kavu, ndiyo inayobeba mvuke kwenda nje. Pazia la kukinga baridi likifungwa nje ya kioo cha mbele ni bora, kwa kuwa kioo kinabaki na uvuguvugu. Likifungwa ndani, maji hujikusanya nyuma yake. Asubuhi futeni vioo kwa kitambaa kabla hamjawasha hita, la sivyo maji yale yale yatarudi hewani. Godoro liinueni lipigwe na hewa.

Nguo zilizolowa zisiingie kitandani wala zisitundikwe juu ya hita usiku. Wekeni beseni au sanduku la plastiki mlangoni, buti na makoti yaishie hapo. Buti toeni soli za ndani, zijazeni karatasi za magazeti, mbadilishe baada ya saa mbili. Kuzisogeza karibu na moto huvunja gundi ya soli, na soli huachia katikati ya njia, kamwe si garini.

Hita ya dizeli ya garini ni kitu kizuri ukielewa tabia zake. Hunywa mafuta kutoka tangi la gari, lakini bomba lake mara nyingi limewekwa juu kidogo ili lisikaushe tangi, kwa hiyo mafuta yakishuka chini ya robo huweza kuzima wakati injini bado inawaka vizuri. Ikianza kuwaka huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache, kisha hushuka hadi moja au mbili. Usiizimie kwenye swichi kuu. Izime kwa kitufe chake, iachie dakika chache feni ipooze chumba cha moto. Na ikiendeshwa kwa moto mdogo siku nzima hujaa masizi, basi kila siku ipe robo saa ya moto mkubwa. Kabla ya kuiwasha, inama uangalie bomba lake la moshi chini ya gari: lisizibwe na majani wala tope, na lisitazame dirisha lililo wazi.

Fanya na hesabu ya betri ya ndani. Ya asidi yenye Ah 100 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweka) hutoa 50 tu. Ukivuka hapo unaiua. Hita saa 10 ni Ah 15 hivi, friji ya kompresa 25 hadi 30 kwa siku, taa, pampu na simu kama 10. Jumla imegonga 50 kwa siku moja. Mkiegesha siku mbili bila kuendesha, alfajiri ya tatu ile hita ikiomba ampea 10 za kuanzia, volti zitaporomoka na itakataa. Mtasema imeharibika, kumbe betri imekwisha. Ikipumzika na kuonyesha volti 12.2, imebaki nusu. Paneli ya jua haitawaokoa: jua liko chini na mko chini ya miti. Cha kwanza kuzima ni friji, kwa kuwa nje kwenyewe usiku ni friji. Kama betri ni ya lithiamu, mna nafasi kubwa zaidi, ila isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0.

Gesi: uliza mtungi ni wa nini. Butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0, na jiko hufa asubuhi wakati mtungi bado mzito. Propani hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Gari likitembea, funga mtungi. Matundu ya sakafuni msiyafunike kwa zulia hata kama yanaingiza ubaridi. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, na njia yake ya kutokea ni hapo.

Hili moja silifanyii mzaha. Jiko la gesi si hita, na jiko la mkaa haliingii garini wala kwenye hema hata likionekana limezimika. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na watu hudhani ni uchovu wa kutembea. Mkiumwa kichwa wawili kwa pamoja, tokeni nje wote, ndipo mjadiliane. Kengele yake iwepo usawa wa vichwa vyenu mkilala, na uibonyeze kitufe cha majaribio siku mnapokabidhiwa gari.

Siku hiyo hiyo ya makabidhiano hesabu mikanda ya viti, si vitanda. Gari la vitanda vinne laweza kuwa na mikanda mitatu. Urefu wa gari kwenda juu uandikeni kwenye karatasi mbele ya dereva. Tairi zitazameni tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwake, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, na mzigo ukiwamo.

Kuegesha: majani mabichi barabarani huteleza karibu kama barafu, na hufunika mashimo. Kwenye nyasi, egesheni pua ikitazama njia ya kutokea mngali na mwanga. Tairi zikianza kuzunguka bure, acheni mara moja. Kila mzunguko unachimba. Toeni watu garini, wekeni mikeka chini ya tairi zinazovuta, mwende gia ya pili taratibu. Msiegeshe chini ya mti mkubwa: mbegu zitapiga paa usiku kucha, majani yataziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele na maji yataingia ndani, na tawi likianguka halitoi taarifa. Wala msisimame juu ya majani makavu marefu baada ya safari ndefu, bomba la moshi la moto linaweza kuyawasha.

Mavazi ya njiani kwa ufupi: jinzi na fulana za pamba zibaki garini, pamba ikilowa haitunzi joto. Sufu au sintetiki mwilini, sweta katikati, koti la mvua juu. Nyuzi 5 zenye upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili huzihisi kama nyuzi 1 chini ya sifuri, na kila mita 1,000 juu hupunguza nyuzi 6 na nusu hivi. Anayeanza kukwaa mawe, kunung'unika maneno yasiyoeleweka na kushindwa kufunga zipu, mwili wake unapoteza joto, si mvivu. Mwondoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mkalisheni juu ya begi asiguse ardhi, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Pombe hapana, kumsugua hapana. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya, iteni msaada. Ulaya namba ni 112. Filimbi ni milio sita kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Ni msimu wa uwindaji sehemu nyingi, kwa hiyo vaeni kizibao cha rangi ya machungwa hata mkijiona vituko. Kulungu dume nao wako kwenye msimu wa kupandana, wapiteni mbali. Jioni kagueni kupe nyuma ya magoti na kwapani. Mng'oeni kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja. Na yule rafiki yenu anayejua uyoga, mwacheni aupige picha tu, msiule. Aina yenye sumu iitwayo Amanita phalloides huchukua saa 6 hadi 24 kabla ya kuonyesha dalili, na wakati huo imeshaingia kwenye ini.

Funguo za gari zikiwa mbili, zibebwe na watu wawili tofauti. Usiku wa mwisho, joto likikaribia sifuri, mwageni maji ya tangi na ya boila. Baadhi ya boila zina vali inayojifungua yenyewe ikifika nyuzi 3, basi mkikuta tangi tupu asubuhi msishangae.

Kila asubuhi kabla ya kuanza kutembea nitumie vitu vinne: mmeegesha wapi, mnapita njia ipi, saa ya kugeuka ni ngapi, na saa ngapi nianze kupiga simu nisipowasikia. Mkirudi tuma na cha tano, "tumefika". Hicho ndicho watu husahau, na waokoaji hutoka usiku na tochi kumtafuta mtu aliyejifunika blanketi la saba.

Mama yako