Ziwa Kivu: mmewasahau wanaoila gesi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka 19 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile ripoti yenu ya ukurasa wa mbele kuhusu Ziwa Kivu, ile yenye picha ya mvuke juu ya maji na maelezo kwamba gesi ya methani "inavuja usiku na mchana". Mvuke ule ni ukungu wa alfajiri, Mhariri. Mtoto yeyote wa Bukavu anaujua.

Sisemi hakuna hatari. Vilindini mna takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi, zimeyeyuka majini na kubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Volkano ya Nyiragongo, inayoweza kulitibua ziwa, iko hapo kaskazini. Ziwa Nyos la Kamerun lilipolipuka mwaka 1986 liliua watu wapatao 1,700, na kilichowaua ni kaboni dioksidi. Ziwa kupinduka ghafla na kuitoa gesi yake kwa mkupuo ni janga la kuandikwa na kuandaliwa. Lakini ninyi mmeandika habari ya kuvuja kila siku, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Methani inapopanda kutoka chini, inapanda polepole, na njiani kuna wanaoisubiri. Ni bakteria ambao methani ndiyo chakula chao: wanaiunguza kwa oksijeni kama sisi tunavyounguza ugali mwilini, wanapata nguvu, na sehemu ya kaboni wanaijengea miili yao. Sayansi inawajua tangu mwaka 1906, mtafiti Söhngen alipowaeleza kule Uholanzi. Hapa Kivu wanakaa mpakani, pale oksijeni inayoshuka kutoka juu inapokutana na gesi inayotoka chini, kwenye mita 60 hivi wakati wa kiangazi upepo unapochanganya maji, na juu zaidi msimu wa mvua. Hata chini ya mpaka huo, kusikokuwa na oksijeni, kuna vijiumbe vingine vinavyoila methani kwa kutumia salfati, chumvi iliyoyeyuka majini. Watafiti wamepima hewa inayotoka usoni mwa ziwa wakakuta methani kidogo mno ukilinganisha na shehena iliyoko chini. Karibu yote imeshaliwa! Na gesi hii ikifika angani, kwa miaka 20 ya kwanza inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kazi hiyo inafanyika chini ya mitumbwi yetu kila saa, na ninyi katika kurasa mbili nzima hamkuandika neno "bakteria" hata mara moja.

Mnadhani kosa hili halina gharama? Nilifundisha biolojia miaka 27, na sasa namsaidia dada yangu kuuza sambaza, samaki wetu wadogo wa Kivu, sokoni Kadutu. Jumanne baada ya ripoti yenu, mama mmoja mwenye mgahawa, mteja wetu wa miaka, alirudisha beseni zima. "Mama, hii sambaza iko na gesi, gazeti imesema." Samaki walikuwa wa usiku uleule, magamba bado yanang'aa, macho maangavu. Nilimweleza kwamba sambaza anaishi kwenye maji ya juu yenye oksijeni, kwamba kule chini kwenye gesi angekufa kabla ya kuvuliwa. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kununua maharagwe. Jioni dada yangu aliwatia chumvi samaki wote akawaanika, akauza kwa nusu ya bei.

Na wakati mnaogopesha watu kwa kisichowafikia, ziwa hilohilo limejaa chupa na mifuko ya plastiki. Mvua ikinyesha taka zinashuka kwenye mitaro ya Bukavu, zinaelea hadi bwawa la Ruzizi na kukwamisha mitambo ya umeme. Hiyo haihitaji hadubini, na bado sijaiona ukurasa wenu wa mbele.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni mchoro wa ziwa lililokatwa wima, robo ukurasa, Ijumaa nane mfululizo: juu sambaza, kwenye mpaka wa oksijeni bakteria, chini gesi, hadi mita 485. Kisha mleteni mwandishi wenu hapa, apande na wavuvi jioni, kwenye ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti. Nilikuwa nikifanya hivyo na wanafunzi wangu: chupa yenye jiwe na kizibo chenye uzi, unaishusha, unavuta uzi, unaipandisha. Maji ya mita 20 hayanuki kitu. Ya mita 80 yananuka mayai viza, na hapo mtoto anaelewa mara moja kwamba kati ya chupa hizi mbili kuna mpaka, na kwenye mpaka huo kuna mtu kazini. Kamba bado ninayo, mita 90, ina fundo la kitambaa chekundu kila mita 10.

Mwalimu mstaafu,
Bukavu