Stima yenu na umeme wetu vilikuwa na mwenyewe mmoja

Tanga

Zuhura swahiba wangu,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Uliuliza kama ni kweli Mombasa na Tanga tuliwahi kuuziwa umeme na kampuni moja. Ni kweli kabisa.

Kwenu stima ilianza na jenereta iliyokuwa ya jumba la Sultani wa Unguja. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliichukua akaivusha hadi Mombasa. Nairobi nayo ikawa na kampuni yake, na mwaka 1922 hizo mbili zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Huku kwetu Wajerumani walikuwa wamewasha taa Dar es Salaam mwaka ule ule wa 1908, kisha serikali ya Waingereza ikauendesha umeme yenyewe mpaka 1931, ilipowaachia watu binafsi. Kampuni mbili zikaupokea: DARESCO ikapewa Dar es Salaam, TANESCO ikapewa maporomoko ya Pangani. Mwaka 1932 hiyo East African Power and Lighting ikawa na hisa za kutosha kuitawala TANESCO. Ndiyo hapo tulipokutana, mimi na wewe, kwenye daftari la tajiri mmoja.

Kinachoniuma ni nyaya zilikopita. Umeme wa Pangani ulifuata mji wa Tanga na mashamba ya mkonge, ukazungusha mashine za korona, zile za kutoa nyuzi kwenye mkonge, usiku na mchana. Kambi za manamba, vibarua wa mkataba waliokata huo mkonge, zilibaki na koroboi. Kampuni ilitafuta mteja mmoja mwenye bili kubwa, na leseni yake haikuidai zaidi ya hapo. Mimi lawama yangu naiweka kwa aliyetoa leseni kabla ya kuiweka kwa aliyeipokea. Waganda walistuka mapema: mwaka 1948 waliundiwa shirika la umma la umeme, UEB, na kampuni hiyo hiyo, iliyokuwa imefika na kwao, ikatoka. Sisi tulisubiri uhuru. Serikali yetu ilinunua hisa zake za TANESCO mwaka 1964, na ninyi mkabaki na lile jina la zamani hadi 1983 lilipogeuzwa kuwa Kenya Power and Lighting.

Halafu tukarudi mlango ule ule, Zuhura, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Ukame wa miaka ya tisini ulipokausha mabwawa, tuliingia mkataba wa miaka 20 na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ambayo mwenye hisa nyingi alikuwa kampuni ya Mechmar ya Malaysia, kwa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Ulitumia mafuta mazito, ghali. Mkataba uliitaka TANESCO ilipe kila mwezi kwa sababu mtambo upo, uwashwe usiwashwe. Kesi ya gharama zake ilifika kwenye usuluhishi wa kimataifa kabla haujaanza kuzalisha mwaka 2002, na fedha zake zilizowekwa Benki Kuu kwenye akaunti ya Escrow, yaani amana ya kungoja mgogoro uishe, ndizo zilizoleta sakata la Escrow la 2014. Nasema hivi nikijua mgeni si adui, mtaji tunauhitaji. Lakini mkataba ulioandikwa gizani unalipwa na mama anayenunua LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ya elfu mbili.

Nifanyie jambo moja. Muulize babu nyumba yao ya Mji wa Kale iliingia stima mwaka gani, na nguzo ya mtaa ililipiwa na nani, kisha uniandikie.

Swahiba wako,
Mwanahamisi