Kabla hatujafungua kitabu cha Mailer

Wanakikundi, habari za jioni. Tukianza The Fight (1975), kitabu cha mwandishi Mmarekani Mailer kuhusu pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, msichanganyikiwe: huyo "Norman" anayezunguka Kinshasa ni Norman Mailer mwenyewe, anajisimulia kama mtu baki. Wengi hukwama hapo. Pambano la Ali na Foreman lilisogezwa hadi Oktoba 30, 1974 kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini.

Maisha ya Mailer tusiyapake rangi. Novemba 1960, baada ya sherehe nyumbani, alimchoma mkewe Adele kwa kisu kidogo. Mama wa watu nusura afe. Mwaka 1981 alimpigia debe mfungwa Jack Abbott aachiwe. Wiki sita tu uraiani, Abbott akamuua mhudumu wa mgahawa.

Mnaotaka riwaya, chukueni The Naked and the Dead (1948). Ni nene, jipangieni kurasa 30 kwa siku. Neno "fug" si kosa la chapa: ni tusi lililogeuzwa ili kitabu kichapishike.