Kitufe cha Tabu

Tanga, 9 Machi

Kwako Bakari,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, Mama anakusalimu na anauliza lini utarudi kumaliza mzozo uliouacha barazani. Nami nauliza hivyo hivyo, maana ulipanda basi na neno la mwisho mkononi, na hilo silikubali.

Ulisema wale wazee wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walioanzisha Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, walikuwa wavivu: saa gani hiyo inayohesabu sekunde kwa biti 32 (yaani nafasi 32 tu za sifuri au moja) kuanzia Januari 1, 1970, halafu ijae Januari 19, 2038? (Kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, watu wanakunywa chai.) Uvivu siuoni, Bakari. Toleo la mwaka 1971 lilihesabu sehemu ya sitini ya sekunde, na biti zile zile 32 zingejaa kabla ya miaka miwili na nusu kwisha. Wakaliona hilo mapema. Wakasogeza mwanzo wa hesabu, mwishowe wakaamua kuhesabu sekunde nzima, na hapo ndipo tulipopata miaka 68. Mashine yao ilikuwa na kumbukumbu isiyotosha hata picha moja ya simu yako. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Lawama zangu naziweka kwingine. Mwaka 1976, hapo hapo Bell Labs, Stuart Feldman aliandika Make, programu ya kuunganishia programu nyingine. Akataka kila mstari wa amri uanze na Tab, kile kitufe cha kurukia mbele nafasi kadhaa. Ukiweka nafasi za kawaida inakataa, ingawa kwa macho hutaona tofauti yoyote. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba baada ya wiki chache tu alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia kazi kwa kuibadilisha kanuni hiyo. Watu dazeni moja! Kwa kuwaonea haya hao, dunia nzima inabonyeza Tab hadi leo. Mimi mwezi uliopita nilipoteza mchana mzima kwa sababu ya nafasi nane zilizojifanya Tab. Kwa Kiswahili kitufe hicho kimepata jina lake halisi.

Ule mkwaju uliolala kinyume (\) kwenye Windows ni ndugu yake. MS-DOS ya 1981, mfumo uliotangulia Windows, haikuwa na folda, mkwaju wa kawaida (/) ukapewa kazi nyingine kwenye amri. Folda zilipokuja 1983, nafasi ilikuwa imekwisha kukaliwa.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: anayechagua vibaya siku ya kwanza ana udhuru. Asiye na udhuru ni yule wa wiki ya tatu, aliyeona, na bado watu wanahesabika kwa vidole, akanyamaza.

Sasa usicheke. Unakumbuka programu ya michango niliyoandikia chama chetu? Namba ya mwanachama niliipa tarakimu mbili, tulikuwa watu thelathini. Jana katibu kaniambia tumefika themanini na saba, na tawi la Pangani linataka kujiunga. Nikafungua faili nikatazama. Kubadilisha ni kuchapisha kadi upya, na wazee wameshazikariri namba zao. Bi Mkubwa wa namba 07 anajivunia yake kama cheo.

Nimemwambia katibu angoje kidogo. Ukipata nafasi Ijumaa, njoo.

Wako,
Salim