Mwambie Neema alifungie lile igizo

Arusha, Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua imeshika tangu Alhamisi. Goti la mzee linaendeleaje? Mengine nitauliza mwishoni, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi.

Mwanetu Neema kuja kufanyia mafunzo ya vitendo ya chuo huko kwenu Kibosho ni furaha. Ila kuja na igizo lililokwisha andikwa, kurasa ishirini na mbili, wahusika tisa, hapo nimeshtuka. Tena juu ya mabinti kunyimwa kihamba, shamba la urithi la ukoo! Somo lenyewe linaitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na kazi yake huanza na masikio. Waalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipofanya kazi Malya kule Mwanza mwaka 1982 na 1983, walikaa na wanakijiji kwanza, suala la wasichana kupata mimba likaibuka kwa wenyeji wenyewe, na ngoma za pale pale ndizo zikalibeba. Bila shaka Neema amefundishwa hayo darasani. Hofu ya kukosa alama ndiyo iliyomwandikisha mapema.

Basi wiki ya kwanza asiandike hata mstari. Apeleke barua ya chuo kwa mtendaji wa kijiji, aonane na mwenyekiti wa kitongoji, kisha azunguke: mashineni, sokoni, kilabuni kwenye mbege, kwenye mfongo, ule mfereji watu wanapogawana zamu za maji. Halafu akae na makundi ya watu sita hadi kumi, akina mama peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Wewe unajua kwa nini. Mama gani atasema habari za kihamba mbele ya shemeji zake?

Wiki ya pili awarudishie aliyoyasikia, wao wenyewe wachague lipi linawauma zaidi. Linaweza lisiwe kihamba kabisa, na akubali.

Ndipo litungwe igizo, na litungwe kwa kuigiza. Ukurasa mmoja wa muhtasari unatosha: matukio manne au matano, nani anaingia, anataka nini, nani anamzuia. Dakika ishirini na tano, zisizidi thelathini. Kijana asiye mzoefu akikaririshwa maneno husimama kama mtoto wa shule anayesoma ngonjera, na akisahau sentensi moja wote wanakwama. Akijua tu anachokitaka, maneno huja yenyewe. Waachwe waseme Kikibosho panapohitaji, bibi agombe kwa lugha anayogombea nyumbani.

Jambo la mwisho wa igizo ndilo linanirudia kila mara. Umesema la Neema linaisha na afisa anasoma sheria na kaka wanapiga magoti. Sheria ipo kweli, ile ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini afisa akishamaliza kila kitu jukwaani, watazamaji watapiga makofi waende zao. Igizo likatwe pale dada amesimama mlangoni na ukoo umekaa kimya. Hapo aulize, “Nani aje asimame mahali pa huyu dada?” Ni njia ya yule Mbrazili, Augusto Boal: mtazamaji anaingia mwenyewe kujaribu. Asiulize “Mmejifunza nini?”, maana atajibiwa kwa adabu tu. Mjadala upewe muda usiopungua wa igizo, na mtu mmoja akae pembeni kuandika wanawake wangapi wamesema na wanaume wangapi.

Kuhusu mahali, atafute uwanja wenye ukuta au mwinuko nyuma ya waigizaji, sauti isipotelee kwenye migomba. Jua liwe mgongoni mwa watazamaji. Watoto mbele, chini. Mabenchi ayagawe mapema pande mbili, la sivyo wazee watayajaza na akina mama watabaki nyuma wasisikie. Saa kumi siku ya kazi asijaribu, wanawake wako kwenye majani ya ng'ombe. Jumapili baada ya misa ingefaa.

Na hili, Mama Neema, umwambie wewe kwa mdomo wako. Asichukue kesi ya familia inayojulikana. Abadili idadi ya watoto, abadili mali, abadili hata nani amekufa. Yeye atarudi Dar. Yule binti aliyeigiza dada atabaki pale, na kesho yake atakutana na baba zake wadogo njiani. Ndiyo maana pia arudi baada ya wiki mbili kuuliza kimetokea nini, hata kama chuo hakidai.

Je, baba yake bado amenuna kwa sababu ya kozi hii? Kwaya ya vijana ya kigangoni bado ipo, na yule mpiga ngoma mrefu? Msimamizi kutoka chuoni anakuja wiki ya ngapi? Mtendaji ni yule yule wa zamani au amehamishwa? Shemeji anashuka Moshi Ijumaa, nitampa karatasi za maswali ya makundi. Azipitishe dukani kwako au ampelekee Neema moja kwa moja?

Wako,
Mama Eliya