YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA SIMU ZA USIKU

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Muhula tumeufunga salama. Ripoti ya mwanao iko kwa mwalimu wa darasa, na karatasi ya mchango wa chakula imebanwa nyuma yake. Barua hii ni ya jambo ambalo halimo kwenye ripoti, ingawa alama nyingi zimeshushwa nalo.

Mwezi wa tano nilipita kidato cha tatu kipindi cha kwanza, mwalimu wa Hisabati akiwa ubaoni. Karibu na dirisha kijana amelalia daftari, wino umemgandia shavuni. Nikamgusa bega. Akakurupuka: "Shikamoo mwalimu!" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu mwaka jana huyo alikuwa wa pili darasani.

Nilimwita ofisini nikidhani ni malaria. Akaniambia bila kuficha kwamba ni bando la usiku. Ni la bei nafuu, linafanya kazi usiku wa manane mpaka alfajiri. "Sasa mwalimu, ukilala si limekwenda bure?" Kwa hesabu ya pesa hakukosea, na nilikosa jibu la haraka. Lakini daladala ya kuwahi namba anaipanda saa kumi na moja na nusu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10. Huyu alikuwa anapata saa mbili, tatu akijitahidi. Katika umri huu mwili wenyewe huchelewa kusikia usingizi, na mwanga wa simu unauchelewesha zaidi. Tena ni usingizini ambapo ubongo unapanga yaliyosomwa mchana. Asiyelala anasahau, anakuwa mkali kwa jambo dogo, analia bila kujua analilia nini. Sisi tunamwandika mtovu wa nidhamu.

La pili ni magrupu. Binti wa kidato cha pili alipigwa picha akiwa anakula, mdomo wazi. Wenzake wakaigeuza stika, wakaitupia kwenye grupu la darasa, wakacheka hadi usiku wa manane. Kwa wiki nzima mwalimu wa zamu alimkuta amejificha nyuma ya vyoo wakati wa mstarini, na mapumziko alikuwa hali kitu. Mama yake alipofika alishangaa: "Mbona nyumbani ametulia, hatoki chumbani?" Mama wa watu alishukuru kuwa binti hazururi. Enzi zetu ugomvi wa shule uliishia getini. Huu wa sasa unaingia naye hadi ndani ya chandarua.

Kuhusu kubeti nitasema kifupi: sheria inakataza walio chini ya miaka 18, lakini mikeka, yaani tiketi za kubeti, inatandikwa kwa laini za wazazi. Badilisha namba yako ya siri leo.

Sisemi kila mtoto mwenye simu ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na masharti yake ni magumu: mtu ashindwe kujizuia, gemu litangulie mambo mengine yote, aendelee hata akiona linamharibia, na kwa kawaida hali hiyo idumu miezi 12. Wengi wa watoto wetu hawajafika huko. Tena mara nyingine huzuni ndiyo ilianza, simu ikawa pa kujifichia. Kwa hiyo kabla ya kumnyang'anya, muulize. Mzazi mmoja aliipasua simu ya mwanawe mbele yangu, hapa hapa ofisini. Haikuisha wiki kijana akawa na nyingine, na safari hii hakuna aliyejua anaificha wapi.

Ombi langu la likizo ni moja. Ikifika saa tatu usiku, simu zote zichajiwe sebuleni. Zote, na yako ikiwemo. Mimi nilipoanza kwangu, binti yangu aliniuliza kwa adabu zote, "Na yako baba, mbona iko chini ya mto?" Nimeitoa, na wiki ya kwanza ilinitesa kweli. Wapo watakaodai simu ndiyo inayowaamsha. Saa ya mezani ya betri sokoni haina bei kubwa, na jirani yangu ana jogoo ambaye hajawahi kukosea.

Mwalimu wa unasihi atakuwepo shuleni Jumanne na Alhamisi likizo nzima. Njoo na mwanao, au njoo peke yako.

Simu tulizokamata muhula huu ziko kabatini kwangu. Nitamkabidhi mzazi mwenyewe. Sitampa kaka mtu wala bodaboda aliyetumwa. Ipo moja nyekundu, kioo kimepasuka, tangu mwezi wa tatu hakuna aliyekuja kuiulizia. Mlinzi ananiambia ilikuwa inaita usiku, siku tatu mfululizo, mpaka chaji ikaisha.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule